Msomaji Aliyenyamaza: Umrudishe au Umwache Aende?

Mwezi Agosti 2016 shirika la ndege la Flybe la Uingereza lilituma barua pepe zaidi ya milioni 3.3 zenye swali la kistaarabu kabisa: je, taarifa zako bado ni sahihi? Wapokeaji waliombwa warekebishe kilichopitwa na wakati na wachague upya matangazo wanayotaka kuletewa, na aliyefanya hivyo aliahidiwa nafasi ya kuingizwa kwenye bahati nasibu. Ukiitazama haraka, huoni kosa. Tatizo ni kwamba watu hao walikuwa wamekwisha kuliambia shirika kwamba hawataki matangazo yake. Machi 2017 Ofisi ya Kamishna wa Habari, inayosimamia sheria za faragha nchini humo, iliipiga Flybe faini ya pauni 70,000. Siku hiyohiyo tawi la Honda la Ulaya lilitozwa pauni 13,000 kwa barua 289,790 zilizouliza kama mteja angependa kusikia kutoka Honda. Honda walijitetea kwamba ile ilikuwa huduma kwa wateja, njia ya kusafisha orodha yao ili waitii sheria. Kamishna hakukubali. Hawakuwa na ushahidi kwamba watu hao waliwahi kuridhia kuandikiwa, na barua ya kuomba ruhusa ya kutangaza nayo ni tangazo.

Kesi hizo zinatuhusu, ingawa ni za mbali na zina umri wake. Karibu kila mwenye orodha ya anwani, awe na hoteli Nungwi, chuo Eldoret, duka la pembejeo Mbeya au jarida la mtandaoni Kampala, hufika siku akagundua kwamba sehemu kubwa ya watu anaowaandikia wamenyamaza. Hawafungui, hawabofyi, hawajibu, na wala hawajiondoi. Bosi akiiona ripoti anataka warudishwe. Kijana wa masoko anaandika "Tumekukosa sana!", anaweka punguzo la asilimia 20, kisha anaituma kwa kila jina lililomo kwenye faili. Naamini hapo ndipo kazi inapoharibika, maana swali la kwanza halijaulizwa. Kabla ya kuuliza mtu huyu atarudije, uliza aliingiaje.

Kwetu majina mengi huingia kwa mlango wa semina. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa mezani, kila mtu anaandika jina, simu, imeili na sahihi, kwa sababu bila sahihi hakuna nauli. Jioni karatasi inachapwa kwenye Excel na mtu aliyechoka. Herufi a inasomeka o, nukta inapotea, "gmail" inakuwa "gmial". Wiki inayofuata wote waliokuwa ukumbini wanaanza kutumiwa jarida la taasisi, na hakuna hata mmoja aliyeliomba. Walitia sahihi ya nauli. Miezi sita baadaye ripoti itawaita wasomaji waliopoteza hamu, na mtu atalipwa kuwatafutia maneno matamu ya kuwarudisha mahali ambapo hawajawahi kufika.

Mlango wa pili uko dukani. Nenda Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ukamtazame mtu anayenunua simu yake ya kwanza ya Android. Bila akaunti ya Google hawezi kupakua WhatsApp kwenye Play Store, kwa hiyo muuzaji anamfungulia palepale juu ya kaunta. Anachukua jina la mteja, anabandika tarakimu tatu nne ili mfumo ukubali, anaweka nenosiri analolijua yeye, dakika tano kazi imekwisha. Mteja anaondoka na anwani ya barua pepe ambayo pengine hajui hata kuitamka. Simu ikiibiwa au ikifutwa kila kitu kwa fundi, inafunguliwa akaunti nyingine. Mtu mmoja anaweza kuwa na anwani tatu na asisome hata moja, na siku akiulizwa imeili kwenye fomu ya benki au ya bima, anatoa ile anayoikumbuka au ile mwanawe anayoikumbuka. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili zitafutwa, na kazi hiyo ikaanza Desemba mwaka huohuo. Akaunti za simu zilizopotea zimo humo. Barua inayotumwa huko haina wa kuipokea.

Halafu kuna anwani zilizokuwa hai kweli, zikafa kwa sababu ya maisha. Anwani ya chuo hufa mwenyewe akihitimu. Anwani ya kazini hufa akihama ofisi. Anwani za miradi ya wafadhili hufa kwa mkupuo, siku mradi unapofungwa na ofisi nzima inarudisha magari na kompyuta. Na waliojiandikisha enzi za internet café, wengi wao kwa Yahoo, wana hatari ya peke yake: mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina ya akaunti zilizokaa bila kutumika kwa mwaka mmoja au zaidi yatatolewa kwa watu wengine. Kwa hiyo barua yako ya mapenzi kwa mteja wa mwaka 2009 inaweza kumfikia mtu asiyekufahamu hata kidogo, naye ana haki zote za kuiita taka.

Watu wa makundi hayo hawarudishwi. Wanafutwa, mapema, bila majuto. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona ofisi zikijivunia orodha ya majina elfu kumi na mbili kwenye ripoti ya mfadhili, huku kila aliyemo ofisini akijua kwamba nusu yake ni hewa. Namba hiyo haiuzi kitu na haimfundishi mtu kitu.

Wanabaki wale walioomba kweli kuandikiwa, wakasoma, kisha wakanyamaza. Lakini utajuaje kwamba wamenyamaza? Mifumo ya kutuma barua huficha ndani ya kila barua picha ndogo mno isiyoonekana, ya pikseli moja. Barua ikifunguliwa, picha hiyo inaitwa kutoka kwenye seva na mfumo unaandika: amefungua. Kipimo hicho kina kasoro kila upande. Msomaji aliyezuia picha ili kubana bando anaweza kuisoma barua yako yote, mstari kwa mstari, na mfumo ukamhesabu kuwa hakufungua. Gmail nayo hukata barua ambayo msimbo wake umezidi takribani kilobaiti 102, na kama picha ile imewekwa mwishoni, haiitwi mpaka msomaji abofye kuona sehemu iliyobaki. Kinyume chake, tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha zote yenyewe kabla mwenye simu hajagusa chochote, kwa hiyo watumiaji wa iPhone wanaonekana wamefungua barua ambazo hawajaziona. Mwenye kutegemea namba hiyo peke yake atamfukuza mkulima wa Rungwe anayesoma kila wiki, na kumbakisha mwenye iPhone wa Masaki ambaye ameshamsahau.

Dalili za kweli ni zile zinazomgharimu msomaji kidogo: kubofya kiungo, kujibu, kununua, kupiga simu, kuja dukani na kusema aliona kwenye barua. Hizo ndizo za kuhesabu.

Na muda wa kuhesabu lazima ufuate kazi yenyewe. Jarida la habari la kila asubuhi likikosa dalili yoyote kwa miezi mitatu, kuna jambo. Kampuni ya utalii ya Arusha haiwezi kutumia kipimo hicho, kwa sababu familia iliyopanda Kilimanjaro mwaka huu huenda isifikirie safari nyingine kwa miaka mitatu, na siku ikifikiria itakukumbuka wewe. Anayewaandikia wakulima asiwahukumu wakati wa mavuno, na anayewaandikia walimu asiwahukumu wakati wa mitihani. Miongozo mingi inayosomwa mtandaoni inatoa siku 90 kwa kila mtu. Imeandikwa kwa ajili ya maduka ya nguo ya Marekani.

Sababu za kunyamaza, ukiwauliza watu ana kwa ana, si fumbo. Barua zimezidi. Alijiandikisha apate bei za mazao, sasa analetewa pongezi za mkurugenzi na picha za ufunguzi wa semina. Barua ni bango moja kubwa la picha lililotengenezwa kwenye kompyuta ya ofisi yenye Wi-Fi, na kwenye simu yenye mtandao hafifu halifunguki kabisa. Tena, na hili linaniuma zaidi ya mengine yote, barua imeandikwa kwa Kiingereza kizito kwa mtu anayefanya biashara yake yote kwa Kiswahili. Taasisi ngapi za Dar es Salaam zinawaandikia wavuvi, mama lishe na vikundi vya kuweka na kukopa kwa lugha ambayo hata mtunzi wake haitumii akiwa nyumbani? Mtu huyo hakupoteza hamu. Alifungiwa mlango kwa heshima, naye akaondoka kwa heshima, bila kelele. Hapo hakuna barua ya kumrudisha itakayofaa kabla jarida lenyewe halijabadilika. Ukimrudisha kwenye kilekile kilichomkimbiza, ataondoka tena, na safari hii atabofya kitufe cha barua taka.

Ndiyo maana barua nzuri ya kumrudisha msomaji ni ile inayoweza kumwambia kitu gani kimebadilika. Tuseme kuna jarida la bei za parachichi kwa wakulima wa Njombe na Rungwe. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu msomaji, tangu Machi hatujaona ukifungua barua zetu za bei ya parachichi, huenda unazisoma na mfumo wetu hauoni. Tangu wakati huo tumeacha kukuandikia kila siku. Sasa tunaandika Jumatatu tu, bei za Njombe na Rungwe ziko mstari wa kwanza, na barua haina picha. Ukitaka tuendelee, jibu barua hii kwa neno NDIYO. Ukitaka mara moja tu kwa mwezi, jibu MWEZI. Ukitaka tuache, usifanye lolote: tarehe 30 tutaliondoa jina lako na hatutakuandikia tena. Ahsante kwa muda uliotusoma."

Tazama kilichokosekana. Hakuna kumwambia kwamba tumemkosa, kwa sababu hatumjui. Hakuna kumlaumu. Hakuna punguzo pia, na hapo najua wauzaji watanibishia. Punguzo lina nafasi yake dukani, kwa mtu aliyewahi kununua na ambaye bei ndiyo iliyomzuia. Kwa msomaji wa jarida punguzo humrudisha siku moja, akachukua chake, akanyamaza tena. Na mteja mwaminifu anayefungua kila wiki akisikia kwamba aliyesusa ndiye aliyepewa zawadi, ana haki ya kujiuliza yeye amekosea nini.

Kumwomba ajibu kwa neno moja kunafaa kwetu kuliko kumpeleka kwenye ukurasa wa tovuti. Jibu linakwenda hata mtandao ukiwa dhaifu, halihitaji nenosiri, na mifumo ya barua hulichukulia kuwa ishara kwamba anayeandika na anayeandikiwa wanafahamiana, hivyo barua zijazo zina nafasi nzuri ya kutua kwenye kikasha. Sharti moja: barua itoke kwenye anwani ambayo mtu anaisoma. Kampuni inayoomba majibu kutoka kwa anwani iliyoandikwa "usijibu" haijaamua kusikiliza.

Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki moja au mbili, kwa maneno mafupi zaidi na kichwa cha habari kilicho wazi, kwa mfano "Tunaliondoa jina lako tarehe 30". Kisha timiza ulichosema. Wengi hushindwa hapa. Tarehe 30 inafika, meneja anaona orodha itapungua ghafla kwenye ripoti ya mwezi, anaamuru wasubiriwe kidogo. Jumatatu barua inakwenda kwa walewale walioambiwa kwamba hawataandikiwa tena. Aliyekuwa amenyamaza kwa uchovu sasa ananyamaza kwa sababu amedanganywa.

Kuwabakisha kuna gharama, na si ya heshima peke yake. Kampuni nyingi za kutuma barua hutoza kwa idadi ya majina, kwa dola, kwa hiyo kila anwani iliyokufa unailipia kila mwezi. Halafu kuna walinzi wa mlango. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima athibitishe kwamba kweli ni yeye anayetuma, lazima barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku mbili. Malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, na Google inashauri yabaki chini ya asilimia 0.1. Maana yake, katika barua 5,000, watu 15 tu wakikubofyea taka umefika kwenye mstari wa hatari. Juu ya hayo, mashirika yanayopambana na barua taka, Spamhaus likiwemo, huweka anwani za mtego, na miongoni mwake zimo zilizotelekezwa na wenyewe zamani. Hakuna binadamu nyuma yake. Anayeziandikia anajifichua kwamba orodha yake hajaisafisha kwa miaka, na adhabu yake ni kwamba hata barua za wasomaji wanaomsubiri kwa hamu zinaanza kuangukia kwenye taka. Yaani ukiwang'ang'ania wasiokutaka, unawapoteza wanaokutaka.

Ulaya walilipitia somo hili kwa pamoja. Kanuni ya kulinda data ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, wiki za mwisho kabla yake watu walifurikiwa na barua za kampuni zikiuliza kama wangependa kuendelea kuandikiwa. Kanuni hiyo inasema wazi kwamba kunyamaza si kuridhia. Kampuni nyingine ziliona orodha zao zikiyeyuka kwa sababu tu watu hawakujibu. Wetherspoon, wenye baa nyingi Uingereza, walikuwa wametangulia mwaka mmoja: Juni 2017 waliwaandikia wateja kwamba wanaifuta orodha yao yote ya barua pepe, na kwamba anayetaka habari zao atazikuta kwenye tovuti na mitandao ya kijamii. Sisemi kila mtu aige. Kwa baa inayojazwa na wapita njia hasara ni ndogo. Kwa jarida dogo orodha ndiyo mali yote. Ila walituonyesha kwamba inawezekana kuachia, na biashara ikaendelea.

Kwetu sheria nayo imefika, japo maofisini wengi hawajaisoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Mwananchi anayo haki ya kutaka taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Ile karatasi ya mahudhurio iliyogeuzwa orodha ya jarida haina mahali pazuri pa kusimama mbele ya sheria hizi.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na barua pepe wakati watu wote wako WhatsApp. Ni swali la haki. The Continent, gazeti la wiki lililoanzishwa Afrika Kusini Aprili 2020, lilijengwa kwa kusomeka na kusambazwa humohumo, watu wakitumiana faili la gazeti zima, na anayelitaka huanza yeye kwa kuliandikia. Msomaji aliyeacha kufungua imeili huenda hajakuacha wewe, amehama mtaa. Basi kwenye ile barua yako ya mwisho mwambie kwamba mpo na huko, na mpe namba aandike yeye akipenda. Usichukue namba yake kwenye ile karatasi ya semina ukamwingiza kwenye kundi usiku. Aliyeridhia imeili hakuridhia WhatsApp, na kule kero inaingia mpaka kitandani.

Kazi ikishakamilika, kuna faili moja ambalo halipaswi kufutwa: orodha ya waliojiondoa na walioondolewa. Libaki na anwani tu, bila habari nyingine, na kila orodha mpya ipitishwe hapo kabla haijatumika. Maofisini kwetu faili la zamani la Excel halifi. Limo kwenye flashi ya aliyehama kazi, kwenye kompyuta ya mhasibu, kwenye imeili ya mratibu wa mradi uliopita, na mfanyakazi mpya akipewa kazi ya kukuza jarida, hilo ndilo atakaloanza nalo. Mpe faili la waliokataa siku ileile unapompa nenosiri la mfumo.